Nimehamishiwa Mtwara, wikiendi naishia kulala na simu. Hapa watu wanastarehe vipi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, nimehamishiwa Mtwara kikazi kutoka Dar es Salaam tangu Mei. Kazi haina shida. Shida ni kuanzia Ijumaa jioni. Dar nilikuwa na utaratibu wangu: Jumamosi chakula kizuri na wenzangu, tunapita kwenye maonyesho ya picha au muziki kidogo, tunavaa tunapendeza, Jumapili baharini. Hapa nimetafuta sehemu za namna hiyo nikakuta baa zenye makelele na hoteli zilizojaa watu wa semina. Marafiki sina, wenzangu kazini wana familia zao. Je, Mtwara kuna starehe ya mtu kama mimi, au nikubali tu kupanda ndege kila mwisho wa mwezi? Mshahara wenyewe unaujua.

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibu kusini.

Nianze na ndege, maana ndiyo itakayokumaliza. Usiifanye ya kila mwezi. Nauli ni sababu moja, lakini iko kubwa zaidi: mji huu hualikana mwisho wa mwezi. Harusi, shughuli ya kumtoa mwali, maulidi ya nyumbani, sherehe ya kipaimara, pongezi za mtoto aliyefaulu, vyote hupangwa mishahara ikishatoka, na msimu wa korosho hupangwa wakulima wakishalipwa. Kama kila tarehe 28 wewe uko uwanja wa ndege, watu wataacha kukualika bila hata kukuchukia. Watasema tu, "Yule wikiendi huwa hayupo." Dar nenda mara moja moja, umsalimie mama, urudi.

Sasa tuje kwa nini huoni kitu. Mtwara haikujikulia yenyewe kama Mikindani au Lindi. Waingereza waliupanga mji huu baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa 1947: bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea, barabara pana, viwanja vikubwa vya nyumba. Karanga zikawashinda, mpango ukafa baada ya miaka michache, reli ikang'olewa. Barabara na viwanja vikabaki. Ndiyo maana ukitoka Ligula kwenda Shangani unatembea kati ya miembe na kuta ndefu, wala hukutani na mtaa ambao mgahawa, duka la nguo na ukumbi wa muziki vimebanana pamoja kama ulivyozoea. Starehe ya hapa iko uani kwa watu na iko ufukweni, na haina bango. Ukiitafuta kwa kuzunguka na bajaji Jumamosi saa mbili usiku ukiuliza "sehemu nzuri iko wapi," dereva atakupeleka baa yenye spika kubwa kuliko zote. Anakutakia mema. Ndivyo alivyokuelewa.

Mimi nimefanya kazi ya kupika na kupokea wageni huku kusini muda mrefu, na ushauri wangu kwa kila anayehamia ni ule ule: usianze kupanga wikiendi kwa kuuliza mahali. Anza kwa kuuliza maji. Dar unaweza kuishi miaka kumi bila kujua bahari inafanya nini. Hapa bahari ndiyo inayokuambia Jumamosi utakula nini, utaogelea saa ngapi, na kama inafaa kwenda ufukwe wa Msimbati au Mikindani.

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, zile zinazofuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu kwenye tarehe 14 mpaka 16, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua: maji yanatoka mbali kabisa na kujaa kabisa. Pwani yetu, siku za bamvua, maji huwa yametoka kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Kwenye tarehe 8 na tarehe 22 hivi ni maji mafu: hayatoki mbali wala hayajai sana, na saa zimegeuka, asubuhi yamejaa, jioni yametoka. Kutoka siku moja hadi nyingine yanachelewa kama dakika 50. Ukishalijua hilo huhitaji programu yoyote ya simu, ingawa zipo, na mvuvi yeyote atakujibu ukimuuliza.

Kwa hiyo una wikiendi za aina mbili, na kila moja ina starehe yake.

Jumamosi ya bamvua ni ya chakula. Asubuhi lala, fua, suka nywele. Maji yakitoka, watu wanateremka kwenye miamba kwa miguu, akina mama na vijana, wakiwa na vyuma vyao vya kuchokolea pweza. Wanarudi maji yakianza kujaa. Ukifika soko la samaki la Feri kati ya saa sita na saa saba unamkuta pweza ambaye asubuhi ile alikuwa shimoni mwake. Mshike: ngozi iwe inateleza na rangi bado inacheza, kahawia na weupe, isiwe imekuwa ya waridi moja kote. Aliyekuwa waridi na ananuka kama dawa mwache pale pale. Ngisi vivyo hivyo. Samaki fungua matamvua, yawe mekundu. Usione haya kumfunua samaki wa mtu. Muuzaji anayekukataza kumfunua amekwisha kukujibu.

Halafu usiende naye hotelini. Mpike wewe, na hapa nitakaa kidogo, maana pweza ndiye atakayekupatia marafiki kuliko mimi na maneno yangu.

Mgeuze kichwa, toa uchafu, msugue kwa chumvi ya mawe mpaka ute uishe, suuza. Mtie kwenye sufuria kavu, mfunike, moto mdogo. Usiongeze maji. Atatoa maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau, na humo humo atajipika. Chumvi usitie sasa. Pweza wa kilo moja na nusu anachukua kama dakika 45, mkubwa zaidi. Choma kwa uma penye unene, uma ukiingia bila kupigana, tayari. Mwache apoe ndani ya maji yake, ndipo umkate. Pembeni kaanga kitunguu, saumu, nyanya kidogo tu, bizari nyembamba, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Tia tui jepesi na kikombe kimoja cha yale maji ya zambarau, mtumbukize pweza, acha litokote mpaka lipungue nusu. Tui zito linaingia mwisho, sufuria ikiwa wazi na mkono wako ukikoroga upande mmoja bila kuacha, vinginevyo tui litakatika na mchuzi utakuwa na punje punje. Likianza kufuka tu, epua. Ndimu kamulia mezani, si motoni.

Kile ni chakula cha watu sita, na wewe uko peke yako. Hapo ndipo ilipo hila yangu. Pweza usimpike kwa ajili yako. Jirani yako ana wali, mwingine ana kisamvu, na kisamvu cha huku wako wanaokitia korosho zilizotwangwa, ukishakila hicho utasahau cha karanga. Tuma ujumbe saa tano asubuhi: "Leo napika pweza wa nazi, nani ana wali?" Usiandike "karibuni nyumbani nimeandaa," kwa sababu hapo watu wataona aibu kuja mikono mitupu, na wengine hawatakuja kabisa. Ukiomba wali, umewapa sababu ya kuja. Kuleni mapema, saa nane na nusu. Saa kumi maji yamejaa, mteremke Shangani wote, mwogelee mpaka jua lizame. Hiyo ni Jumamosi nzima, na gharama yake haifiki nusu ya sahani moja na kinywaji ulikokuwa unakwenda zamani.

Ukikosa nguvu za kupika, vipo vya barabarani na nakuomba usividharau. Kiangazi watafute wauzaji wa ming'oko, hii mizizi ya porini inayochimbwa Mtwara na Lindi. Inachemshwa, unaimenya ngozi kwa vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Haijai tumbo haraka, ndiyo raha yake: mnaweza kukaa saa mbili mnamenya na kuongea. Mimi sijui chakula kinachofaa zaidi kwa umbea. Jioni kuna mishikaki, mihogo, na kahawa chungu kwa kashata. Dagaa wabichi wa kukaanga watafute siku za giza, kwa sababu wavuvi wanawavuta kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu.

Jumamosi ya maji mafu, geuza. Asubuhi maji yapo, ogelea kabla jua halijawa kali, kisha mchana wote uwe wa sanaa na nguo.

Umesema unapenda maonyesho ya picha. Mwanangu, ukumbi wa maonyesho unaoujua wewe, wenye kuta nyeupe na glasi za mvinyo, hapa hutaukuta. Lakini umeshaingia kanisa la Mtakatifu Paulo, pale Majengo? Kuta zake za mbele na za pembeni zimejaa picha za Biblia kuanzia chini mpaka juu, rangi zinazowaka, kazi ya padre Mjerumani wa Wabenediktini, Polycarp Uehlein. Nenda siku isiyo na ibada, salimia anayelitunza, omba ruhusa, kaa kwenye benchi la katikati na uangalie ukuta mmoja kwa nusu saa. Wengi huingia, wakapiga picha mbili, wakatoka. Hao hawajaona kitu. Muislamu au Mkristo, funika magoti na mabega, na ukitoka tia chochote kwenye sanduku la sadaka.

Kisha vinyago. Hapa wageni kutoka Dar huniuliza swali moja: mbona hii ndiyo nchi ya Wamakonde, na maduka ya vinyago ni machache kuliko Mwenge? Jibu ni kwamba wachongaji walifuata wanunuzi. Tangu miaka ya 1950 wachongaji wengi, wakiwemo waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walisogea mpaka Dar ambako walikuwepo wafanyabiashara na watalii. Mtindo wa shetani, wale viumbe wenye jicho moja na miguu iliyojikunja, unahusishwa na Samaki Likankoa wa miaka hiyo. George Lilanga, mtoto wa kusini aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, akawachukua mashetani hao akawatia kwenye rangi, na picha zake zikafika Ulaya, Marekani na Japani. Wote hao walipata jina nje ya Mtwara. Kwa hiyo hapa usitafute duka. Mtafute mtu. Uliza kazini kwako nani ana mjomba anayechonga, Newala, Tandahimba au hapa hapa mjini, na hakosekani. Kaa naye mchana mmoja, umwone akiutazama mti kwanza kabla ya kuugusa, maana umbo la ujamaa, wale watu waliopandana mabegani, linafuata jinsi gogo lenyewe lilivyopinda.

Ukifika kununua, jua unachoshika. Mpingo ni mzito kupita ukubwa wake, kipande chake ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama moja kwa moja. Mara nyingi mchongaji huacha utepe wa rangi ya krimu pembeni, hiyo ni nyama ya nje ya mti, na ni dalili nzuri. Kinyago cheusi tii kila mahali, chepesi, kigeuze, sugua chini kwa leso iliyoloa: leso ikiwa nyeusi umeuziwa kiwi ya viatu. Na kazi iliyochongwa kwenye mti mbichi usiiweke chini ya kiyoyozi, itapasuka. Bei patana kwa adabu, lakini kumbuka mtu amekaa wiki nzima na tezo kwa ajili ya hicho kitu. Mimi huwa sishushi chini ya pale ninapoona mwenyewe amenyamaza.

Sanaa nyingine ya huku haichongwi ikasimama, inachezwa. Mapiko, yale mavazi ya usoni ya Wamakonde yaliyochongwa kwenye mti mwepesi, mengine yakiwa na nywele za watu, huchezwa hasa vijana wanapotoka jandoni na unyagoni, na shughuli hizo hufuata likizo za shule, Juni na Desemba. Ngoma ya sindimba utaiona harusini na kwenye sherehe za serikali, lakini ya uani ni kitu kingine kabisa. Ukialikwa, nenda. Simu iache mfukoni mpaka uulize, na anayecheza ndani ya lipiko usimtaje jina hata kama umemtambua kwa viatu. Mwaka ambao tamasha la MaKuYa linafanyika, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, usisafiri wiki hiyo kwa gharama yoyote.

Mikindani ni umbali wa kilomita kumi hivi, daladala zipo. Nenda alasiri ya maji mafu au Jumapili yoyote. Huu ndio mji wa zamani, bandari ya misafara ya pembe na watumwa, na kutoka hapo Livingstone alianza safari yake ya mwisho mwaka 1866. Boma la Wajerumani la 1895 limekarabatiwa na sasa ni hoteli, unaweza kunywa chai huko juu ukitazama ghuba yote. Chai inatosha, si lazima ulale. Ila usiishie Bomani. Teremka kwenye vichochoro, angalia milango ya kuchonga na roshani za mbao za ghorofani, nyingine zinaning'inia kwa huruma ya Mungu tu, na uziangalie sasa maana kila masika zinapungua. Watu wa Mikindani ni wastaarabu na wanataka kusalimiwa. Ukipita baraza la wazee bila salamu, hata uwe umevaa nini, umeharibu.

Kuhusu mavazi nitasema machache, maana naona hilo unaliweza. Nguo ya Dar ya kutokea usiku hapa haina pa kwenda, lakini kuna kupendeza kwingine. Nunua kitenge kizuri, vingine vinatoka ng'ambo ya Ruvuma, umpelekee fundi siku ya Jumatatu, si Alhamisi, kwa sababu Alhamisi fundi yuko kwenye sare za harusi na atakudanganya kwa upole mpaka Jumamosi mchana. Baharini Shangani kuna familia na watoto wa madrasa, ingia na dera au suruali ya kubana na fulana. Ya kuogelea yenyewe iache kwa ajili ya Msimbati. Na msimu wa mabibo, kuanzia kama Oktoba, usivae nyeupe. Maji ya bibo yakikudondokea, doa lile halitoki kwa sabuni, ndimu wala dua.

Sasa marafiki. Hili ndilo lililonifanya nikujibu wewe badala ya wengine, kwa sababu chakula na picha vyote ukiwa peke yako vinageuka kuwa safari ya kikazi.

Wahamiaji wa mji huu, walimu, manesi, watu wa benki, watu wa gesi, huwa na kosa moja: wanajikusanya wenyewe kwa wenyewe na kulalamika. Mwezi wa kwanza inafariji. Baadaye mnakuwa chama cha kuhesabu siku za uhamisho. Wawepo, lakini wasiwe wote. Kwa mwanamke, mlango wa mji huu ni shughuli za wanawake. Ikipita karatasi ya mchango wa harusi kazini, usitoe pesa ukatulia. Uliza sare ni ipi, ununue doti yako ushone, na Jumamosi ya kuamkia harusi uende nyumba ya shughuli mapema, saa tatu asubuhi, wakati wa kumenya vitunguu na kukuna nazi. Aliyekuja jioni amevaa vizuri ni mgeni. Aliyekuja asubuhi na kisu chake ataulizwa jina, anaishi wapi, ameolewa au bado (jibu lolote litapokewa, jiandae tu kwa majina ya wapwa wao), na wiki inayofuata atakuwa amealikwa sehemu mbili. Siku ya hina hivyo hivyo. Mkono wako ukichorwa na mtu, mmekaa saa nzima hamwezi kushika simu, na hapo ndipo maneno yanapotoka.

Ukiona watu wanaaminika, ingia kwenye mchezo wa kupeana pesa, wa kiasi kidogo ambacho kikipotea hutalia. Lengo si pesa. Mchezo unakupa mahali pa kufika kila Jumapili ya kwanza ya mwezi bila kuhitaji kualikwa. Kama unapenda mpira, Nangwanda Sijaona ni uwanja wa kwenda na watu watano ukarudi na kumi. Kama unaimba, kwaya. Baa sizikatazi, wewe ni mtu mzima, ila chagua ile ambayo mnaweza kusikiana, rudi na bajaji ya mtu unayemjua kwa namba, na uraka, ile pombe ya mabibo, onja ule wa asubuhi ukiwa bado mtamu. Wa jioni umeshakuwa kitu kingine. Gongo usiguse.

Mkishakuwa wanne au watano, kodini gari mwende Msimbati, kama kilomita 40 kutoka mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000. Kuna kiingilio cha hifadhi, beba kitambulisho ulipe cha raia. Mchanga mweupe, maji ya kijani, na pale Ruvula matumbawe yapo karibu na ufukwe kiasi kwamba unayafikia kwa kuogelea tu. Ila hii ni safari ya kuuliza maji kabla ya kuuliza gari: njia ya Ruvula ina mchanga mzito na madereva wengi hupita ufukweni maji yakiwa yametoka. Siku ya bamvua ukiingia asubuhi, toka kabla hayajajaa au kubali kusubiri mpaka usiku. Chakula na maji ya kunywa bebeni kutoka mjini. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita nje huko, na aliyebahatika huwaona wakirusha maji.

Msimbati ni ya mara chache. Kwa Jumapili ya kawaida panda kivuko pale Feri mvuke kwenda Msangamkuu, dakika chache tu, mle samaki wa kuchoma upande wa pili mrudi kabla ya giza. Lindi ni zaidi ya kilomita 100, inafaa mkiwa na mwenyeji wa kuwapokea. Wale mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, wa kilima cha Tendaguru mkoani Lindi waliochimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 mpaka 1913 wako Berlin, usidanganywe kwamba utaikuta mifupa Lindi. Newala lala usiku mmoja, upate baridi, na asubuhi ukatazame bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu. Masika barabara za vijijini ziache, kuanzia Januari mpaka Aprili kaa na pweza wako mjini.

Msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, mji hubadilika: vyumba hupanda bei, bodaboda mpya kila kona, muziki mpaka usiku wa manane. Wewe usiyeuza korosho utaona kila kitu kimepanda isipokuwa mshahara. Miezi hiyo sogeza mialiko iwe ya majumbani, na nunua korosho zako za mwaka mzima kwa akina mama wanaobangua, zilizo nzima na kavu, zinazolia zikivunjwa.

Jambo la mwisho ni Ramadhani, kwa kuwa hukuuliza na itakukuta. Mchana migahawa mingi itafungwa na utadhani mji umekufa. Starehe imehamia usiku. Kuanzia saa kumi na mbili jioni barabarani kuna vitumbua, sambusa, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi, na baada ya tarawehe watu wanatembeleana mpaka saa tano. Hata kama hufungi utaitwa kufuturu. Peleka tende au nazi mbili, vaa kitu cha staha, na ufike kabla ya adhana, kwa sababu ikishaadhiniwa hakuna atakayesimama kukufungulia geti.